Bibi Mwenye Mizani na Wazee wa Nchiru

Siku moja nilikuwa nimeketi kwenye benchi katika ofisi ya wakili mmoja hapa Mombasa, nikingoja zamu yangu. Juu ya meza ya karani palikuwa na kisanamu cha shaba: mwanamke amesimama, kitambaa kimemfunga macho, mkono mmoja umeshika mizani na mkono wa pili umeshika upanga. Kando yangu alikuwapo mzee wa kanzu na kofia ya kushonwa kwa mkono, aliyekuja kwa kesi ya shamba. Alikitazama kisanamu kile kwa kitambo, kisha akaniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, huyu bibi kipofu ndiye atakayenipimia shamba langu?"

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia, "Mzee wangu, huo ni mfano tu." Akanijibu, "Mfano wa nani?"

Kwa kweli sikuwa na jawabu. Mfano huo twauona kila mahali, katika mihuri, katika kalenda za mawakili, katika majalada ya vitabu vya sheria, wala hatujiulizi umetoka wapi na watuambia nini. Nimeutafuta ukoo wa bibi yule tangu siku ile, na nikaona ajabu moja: nusu ya jawabu la mzee wangu imo katika habari za Misri na Uyunani, na nusu ya pili imo hapa hapa Kenya, mbali na bahari, katika miteremko ya Mlima Kenya kwa jirani zetu wa Meru na Embu. Basi leo, ndugu msomaji, twende pamoja huko na huko.

ALIKOTOKA BIBI HUYU

Watu wengi hudhani kwamba bibi huyu ni Mzungu aliyeteremka melini pamoja na Waingereza. Kuja kwetu ni kweli alikuja na Waingereza; lakini asili yake ni ya kale zaidi, na shina lake moja limo katika bara letu hili la Afrika. Wamisri wa zama za Mafirauni walikuwa na Maat, ambaye kwao ndiye aliyekuwa kweli, haki na utaratibu wa ulimwengu. Walimchora kama mwanamke mwenye unyoya wa mbuni kichwani. Waliitakidi kuwa mtu akifa, moyo wake huwekwa katika kitanga kimoja cha mizani, na katika kitanga cha pili huwekwa unyoya wa Maat. Moyo uliolemewa na maovu hauwezi kulingana na unyoya, na mwenye moyo huo huwa ameangamia. Picha ya mizani hiyo imo katika mafunjo ya karani mmoja wa Kimisri aliyeitwa Hunefer, yaliyoandikwa yapata miaka 1,300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na mpaka leo yamehifadhiwa London.

Wayunani nao walikuwa na Themis, na binti yake Dike. Mshairi wao Hesiod alimweleza Dike kuwa ni msichana ambaye watu wakimdhulumu hukimbilia kwa babake, Zeus, mkubwa wa miungu yao, akaketi kando yake na kumshtakia. Baadaye mshairi mwingine, Aratus, aliongeza kisa cha kusikitisha. Alisema kuwa hapo zamani, watu walipokuwa wema, Haki alikaa nao mijini na kuwafundisha. Walipoanza kuharibika alihamia milimani, akawa huwashukia jioni tu na kuwakaripia. Walipozidi kuharibika na kufua vyuma vya kuuana, aliwachukia, akaruka mbinguni na kugeuka nyota.

Nyota hizo ndizo sisi watu wa Pwani tunazoziita Sumbula. Na katika hesabu ya buruji 12, waijuayo walimu wetu wa falaki, baada ya Sumbula yafuata buruji gani? Yafuata Mizani. Basi yule bibi na mizani yake wako juu ya vichwa vyetu, na manahodha wa Lamu na Zanzibar walizijua nyota hizo bila ya haja ya kumjua Aratus.

Warumi walimwita Iustitia, na kichwa chake kilipigwa katika sarafu za mfalme Tiberius yapata mwaka 22 wa Miladi. Upanga ulizoeleka mkononi mwake baadaye, katika picha za Ulaya za zama za kati, kuonyesha kuwa hukumu isiyo na nguvu ya kuitimiza ni maneno matupu.

Lakini kitambaa cha machoni je? Hapa ndipo pana habari ambayo ningependa mzee wangu wa benchi aisikie. Sanamu za kale hazina kitambaa. Iko sanamu ya Themis iliyopatikana Rhamnous, katika Uyunani, iliyochongwa na Chairestratos yapata miaka 300 kabla ya Nabii Isa. Macho yake yako wazi kabisa. Kitambaa kilianza kama dhihaka. Mwaka 1494, katika mji wa Basel, Sebastian Brant alitoa kitabu cha kuwacheka wapumbavu wa zama zake, na ndani yake mna picha ya mpumbavu amesimama nyuma ya Haki, akimfunga macho. Maana yake ilikuwa kwamba wapenda kesi wameipofusha haki kwa madai yao ya kipuuzi. Hazikupita miaka 50 ila maana ikageuzwa. Mwaka 1543, katika mji wa Bern, fundi Hans Gieng alimchonga Haki juu ya bomba la maji la mjini, macho yamefungwa, na safari hii kwa sifa: hamtazami tajiri wala maskini, hapendelei sura. Lakini si wote waliokubali. Sanamu ya dhahabu iliyo juu ya mahakama ya Old Bailey ya London, jengo lililofunguliwa mwaka 1907, haina kitambaa.

Kwa hivyo mzee wangu hakuwa mjinga alipouliza juu ya bibi kipofu. Lilikuwa ni swali la wachongaji wenyewe kwa muda wa miaka 500: je, hakimu mwema ni yule asiyeona, au ni yule aonaye vyema zaidi?

SISI NA SANAMU

Katika dini yetu haki haichongwi. Al-Adli ni miongoni mwa majina mazuri ya Mwenyezi Mungu, na haina sura ya mwanamke wala ya mwanamume. Lakini mizani si ngeni kwetu. Sura ya Rahman imeitaja mizani mara tu baada ya kutaja kuinuliwa kwa mbingu, na ikatuonya tusipunje. Sura ya Hadid imetaja kitabu, mizani na chuma mahali pamoja, na mwenye kutafakari ataona kwamba kuna hukumu, kuna kipimo, na kuna nguvu. Sura ya Mutaffifin yaanza kwa kuwatisha wapunjao vipimo. Muuza nazi wa sokoni na kadhi wa mahakamani wamewekewa sharti moja.

Na juu ya macho, wanazuoni wamepokea barua ya Khalifa Omar bin Khattab kwa Abu Musa al-Ash'ari alipokuwa kadhi. Barua hiyo haimwambii kadhi afumbe macho. Yamwambia awatazame wagomvi wawili sawasawa, awaketishe sawasawa, hata mwenye nguvu asitumaini upendeleo na mnyonge asikate tamaa. Tazama tofauti ilivyo. Mchongaji wa Bern alitafuta usawa kwa kuyafunga macho. Omar aliutafuta kwa kuyagawa.

Mambo haya si ya kale tu. Desemba 2016 sanamu ya bibi mwenye mizani, amevikwa sari, iliwekwa mbele ya Mahakama Kuu Kabisa ya Bangladesh, mjini Dhaka. Baadhi ya Waislamu wa huko waliandamana wakiiona kuwa ni sanamu la ibada ya Kiyunani. Mei 2017 iliondolewa, na siku chache baadaye ikasimamishwa tena pembeni, katika uwanja huo huo wa mahakama. Na mwaka 2024 Mahakama Kuu Kabisa ya India ilionyesha sanamu mpya: bibi amevaa sari, kitambaa kimetolewa machoni, na mahali pa upanga ameshika Katiba. Kwa hivyo bibi huyu angali anavuliwa na kuvikwa, na kila taifa lataka afanane na yale linayoyaamini.

Sasa tuache Uyunani na Uhindi, tupande mlima.

MBWA, NCHI YA DHULUMA

Ukitoka Nairobi kwa njia ya mashariki ya Mlima Kenya utapita Embu, kisha Runyenjes, kisha Chuka, kisha Nkubu, mpaka uingie mji wa Meru. Mashamba ya kahawa na majani chai yamepanda ngazi kwa ngazi, na mito ya maji baridi yateremka kuelekea Tana, mto ule ule unaotumwagikia huku kwetu. Ukiingia jumba la makumbusho la Meru, lililofunguliwa mwaka 1974 katika jengo la mawe la mwaka 1916 lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya, hutakuta bibi wa shaba mwenye mizani. Wameru hawakuichonga haki, kama vile sisi tusivyoichonga. Wao waliihadithia, wakaiwekea watu.

Hadithi yao ya asili yatuhusu sisi kuliko tunavyodhani. Wazee wa Meru husimulia kuwa zamani waliishi katika nchi ya Mbwa, iliyozungukwa na maji, chini ya watawala walioitwa Nguo Ntune, yaani watu wa nguo nyekundu. Neno "nguo" hapo halihitaji mkalimani. Watawala hao waliwatwika kazi zisizowezekana. Waliwaamuru walete mbwa mwenye pembe. Waliwaamuru washone ndara yenye manyoya upande wa juu na upande wa chini. Kila mara mzee mmoja mwenye hekima, Koomenjwe, aliwapa watu wake hila: mbwa alibandikwa vipembe vya paa, na ndara ikakatwa katika ngozi ya shingo ya ng'ombe inayoning'inia, yenye manyoya pande zote mbili. Mwisho waliambiwa wafue mkuki wa kufika mbinguni. Hapo wakajua kuwa mtaka kazi za namna ile hatafuti kazi, anatafuta sababu. Wakatoroka usiku, na husimuliwa kuwa maji yaligawanyika wakapita. Waliovuka gizani, waliovuka alfajiri na waliovuka mchana ndio asili ya koo tatu: nyeusi, nyekundu na nyeupe.

Wengi wamewafasiri Nguo Ntune kuwa ni Waarabu au watawala wengine wa mwambao. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyekusanya masimulizi ya Meru kwa miaka mingi, aliielekeza Mbwa kwenye kisiwa cha Manda, jirani ya Lamu. Wako wataalamu wasiokubaliana naye. Lakini msomaji wa Pwani asilipite jambo hili mbio. Yawezekana kuwa dhalimu wa kisa kile alikuwa jirani ya babu zetu, au ni katika babu zetu wenyewe. Sisi tuna siwa za Pate na Lamu, twazionea fahari kuwa ni alama za enzi. Ni vyema kujua kwamba mahali pengine, mbali na bahari, enzi ya mwambao yakumbukwa kwa mbwa wa pembe.

Na hapa visa viwili vyakutana kwa kupishana. Katika kisa cha Wayunani, Haki ndiyo iliyowakimbia watu. Katika kisa cha Wameru, watu ndio walioikimbia dhuluma, wakapanda mlima kuitafuta haki.

MKONO ULIOFICHWA

Walipofika mlimani, kila sehemu ya Wameru ilikuwa na mtu mmoja aliyeitwa Mugwe. Hakuwa mfalme, wala hakuwa mwenye askari. Alikuwa mwenye baraka, ambaye vijana hawakuthubutu kwenda vitani pasipo baraka yake, na Koomenjwe wa safari ya Mbwa huhesabiwa kuwa mtangulizi wake. Padri na mtaalamu wa Kitaliano, Bernardo Bernardi, aliandika kitabu kizima juu ya Mugwe mwaka 1959. Humo mna habari iliyowashughulisha wataalamu wa dunia: kwa watu wa Imenti, mkono wa kushoto wa Mugwe haukuonekana na mtu. Aliuficha ndani ya vazi lake daima, kwa kuwa ndio uliokuwa na uwezo wake, na aliyeuona iliaminiwa kuwa atakufa.

Kwetu mkono wa kulia ndio wa kula, wa kupeana salamu na wa kutolea sadaka, na habari hiyo yaweza kumshangaza mtu. Lakini tuiweke kando ya kile kisanamu cha shaba. Wazungu walimfunika bibi yao macho, ili tusiogope upendeleo wake. Wameru walimfunika mzee wao mkono, ili nguvu isiwe kitu cha kuonyeshwa ovyo. Upanga wa bibi umeinuliwa mbele ya watu wote. Mkono wa Mugwe ulikuwa chini ya nguo. Wote wawili walikuwa wakijibu swali moja, kwamba mwenye uwezo wa kumwangamiza mwenziwe azuiliwe kitu gani.

BARAZA LA NCHIRU

Kuamua kesi kulikuwa kazi ya mabaraza ya wazee, na kubwa lao ni Njuri Ncheke, jina ambalo hufasiriwa kuwa baraza la wateule waliochujwa. Makao yake yako Nchiru, katika Tigania, mahali ambapo leo pana pia Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Mtu haingii Njuri kwa kuzaliwa. Hupanda ngazi kutoka mabaraza ya chini, hutoa mifugo, huapa kutunza siri, na hutazamwa mwenendo wake nyumbani na kijijini. Fimbo, usinga na kilemba cha mzee ndizo alama zake. Hukumu yake ni faini ya mifugo, na kwa aliyekaidi ni kutengwa na watu.

Palipokosekana ushahidi, wagomvi waliapishwa. Kiapo kinachotajwa sana ni cha nthenge, yaani cha beberu. Mwenye kuapa uongo huaminiwa kuwa yeye au jamaa zake watapatwa na mauti. Kiapo hicho kimetajwa mara nyingi katika kesi za ardhi za Meru zilizofika mahakama za serikali. Sisi Waislamu yamini yetu ni kwa jina la Mwenyezi Mungu peke yake, na hatuna ruhusa ya kuapa kwa kiumbe. Lakini kuijua desturi ya jirani si kuifuata. Na tusisahau kuwa Kiswahili chenyewe chasema mtu "amekula" kiapo, kana kwamba maneno yale yameteremka tumboni mwake na yanamngoja huko.

Waingereza walipofungua kituo chao Meru, mwaka 1908, hawakulijali baraza hili. Aliyelirudisha mbele katika miaka ya 1930 ni mkuu wa wilaya H. E. Lambert. Jina hilo wapenzi wa lugha wa Pwani walijua kwa jambo jingine kabisa, kwani ni Lambert yule yule aliyeandika baadaye juu ya lahaja za Chichifundi, Kivumba na Chijomvu. Mtu mmoja aliwasikiliza wazee wa Nchiru wakihukumu, na wazee wa Vanga na Jomvu wakizungumza.

KWA WATU WA EMBU

Embu ilishindwa vitani na Waingereza mwaka 1906. Baraza la wazee lijulikanalo huko leo ni Nyangi Ndiiriri, na katika jina hilo imo habari ya zamani. Waembu walijigawa katika vizazi viwili, Nyangi na Kimanthi, na utawala wa mambo ya nchi ulikuwa ukipokezanwa baina yao kwa sherehe iliyoitwa nduiko. Wameru nao wana Kiruka na Ntiba, ambao hupokezana vivyo hivyo.

Mimi nionavyo, hiyo ndiyo mizani ya watu wa mlimani. Vitanga viwili, na kila kimoja chajua kuwa zamu ya kushuka yaja. Anayeamua leo ajua kuwa kesho watoto wa yule aliyemhukumu ndio watakaokalia kiti. Mtu wa namna hiyo huchunga ulimi wake kuliko aliyepewa kiti cha milele.

Lakini haki ya wazee nayo hutiwa doa. Huko Mbeere, katika ardhi kavu ya chini ya Embu, serikali ilipoanza kupima mashamba na kutoa hati katika miaka ya 1970, koo ziliingia katika kesi ndefu. Mtaalamu Jack Glazier, aliyeandika juu ya mambo hayo mwaka 1985, alionyesha jinsi nasaba na desturi zilivyogeuka silaha. Kila upande ulikuja na mababu wake na kusema, "Hii ndiyo mila." Kumbe mizani yaweza kuwa sahihi, na mawe ya kupimia yakawa ya uongo.

WASIOITWA BARAZANI

Sasa nafika kwenye jambo lililo zito kuliko yote. Kule Uyunani, Rumi na Misri, haki ilichorwa kama mwanamke. Kule Nchiru waamuzi ni wanaume. Lakini Wazungu wasijisifu, kwani walimweka mwanamke wa mawe juu ya paa la mahakama, na kwa karne nyingi hawakumruhusu mwanamke wa damu kukalia kiti ndani yake. Kuheshimu mfano ni rahisi kuliko kumsikiliza mtu.

Mwaka 1956 Njuri Ncheke, likiungwa mkono na serikali ya kikoloni, lilitoa amri ya kukataza ukeketaji wa wasichana katika Meru. Leo Kenya nzima ina sheria ya mwaka 2011 ya kukataza jambo hilo, na hapana shaka kuwa amri ile ililenga kuondoa madhara. Lakini iliamuliwa na wanaume watupu. Wasichana, ambao miili ilikuwa yao, na mama zao, hawakuulizwa neno. Matokeo yake wasichana waliingia mwituni makundi kwa makundi na kujikata wenyewe kwa nyembe. Waliitwa Ngaitana, maana yake "nitajitahiri". Mwanahistoria Lynn Thomas ameandika kuwa kati ya 1956 na 1959 zaidi ya watu 2,400, wasichana pamoja na wanawake na wanaume, walishtakiwa kwa kuivunja amri hiyo. Amri ilikuwa na upanga, lakini haikuwa na masikio.

Huku kwetu yasimuliwa kuwa Khalifa Omar alipotaka kuwawekea watu mpaka wa mahari, mwanamke mmoja alisimama msikitini akampinga kwa hoja ya Kurani. Omar akakiri mbele ya watu kuwa mwanamke amepata na yeye amekosa. Kisa hicho twakipenda na twakirudia mara kwa mara. Lakini tujiulize, katika mabaraza yetu ya mirathi na ya mtaa, ni mara ngapi mwanamke husimama na asiambiwe akae?

Katika Meru hiyo hiyo lilitokea jambo la pili. Watoto wa kike walionajisiwa, ambao kesi zao polisi hawakuzifuatilia ipasavyo, walipelekewa malalamiko yao mbele ya Mahakama Kuu ya Meru. Walioshtaki kwa niaba ya wote walikuwa watoto 11, lakini kesi yajulikana duniani kama ya wasichana 160, kwa wingi wa waliodhurika. Mei 27, 2013 Mahakama iliamua kuwa polisi kwa uzembe wao walikuwa wamevunja haki za watoto hao zilizomo katika Katiba, na ikaamuru uchunguzi ufanywe kama inavyotakiwa. Toka wasichana wa mwaka 1956 mpaka hao wa mwaka 2013 ni miaka 57. Wa kwanza walisemewa. Hawa wa pili walisikilizwa.

Na Mei 2021, Martha Koome, aliyezaliwa Meru, aliapishwa kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Bibi wa mizani, baada ya safari ndefu, alipata jina, kabila na mama aliyemzaa.

SHERIA NA MILA

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 159, imewataka majaji na mahakimu wasaidie njia nyingine za kumaliza ugomvi, zikiwamo upatanishi na njia za mila. Hapo ndipo wazee wa Nchiru na wa Embu walipopata nafasi yao ndani ya sheria ya nchi. Kifungu hicho hicho kimeweka mpaka: njia za mila zisivunje haki za binadamu zilizomo katika Katiba, wala zisiende kinyume na haki na maadili. Katiba hiyo, kwa kifungu cha 170, imezitambua pia mahakama zetu za kadhi katika mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali. Kadhi wetu na mzee wa Njuri, basi, ni majirani katika kitabu kimoja. Mlango uliofunguliwa mmoja umefunguliwa kwa wote wawili, na jicho linalomtazama mmoja lamtazama na mwenziwe.

JAWABU KWA MZEE WANGU

Nikikutana tena na mzee yule wa benchi, nitamwambia hivi. Bibi yule si kipofu kwa maumbile. Alifungwa macho na mpumbavu katika kitabu cha dhihaka, kisha watu wakaizoea dhihaka wakaifanya sifa. Mizani yake ameirithi kwa Wamisri. Upanga alipewa na watu walioona kuwa maneno hayatoshi. Wako watu mlimani ambao hawakumhitaji, kwa kuwa waliikumbuka dhuluma ya Mbwa, wakaweka wazee wa kuchujwa na vizazi vya kupokezana. Na hata wao walikosea pale walipowasahau walio nje ya mlango.

Mbele ya Ngome ya Mombasa liko jengo la Mahakama ya Kale, lililojengwa mwaka 1902. Siku hizi halihukumu mtu. Ni la maonyesho, na watu huingia kutazama picha. Kila nipitapo pale humkumbuka mzee yule na shamba lake. Yeye hakutaka picha. Alitaka kujua kama atakayekaa mbele yake siku ya hukumu atamtazama yeye mwenye kanzu iliyofifia kama atakavyomtazama yule tajiri anayegombana naye. Hilo ndilo swali aliloulizwa Koomenjwe katika nchi ya Mbwa, na ndilo Omar alilolijibu katika barua yake. Sanamu haiwezi kulijibu, iwe na kitambaa au isiwe nacho. Atalijibu mtu, siku hiyo, katika kiti hicho.